Akiba Haiozi? Ghala, Soko la Kongowea na Lugha ya Stakabadhi

Wahenga waliponena kwamba akiba haiozi, sidhani walikuwa wakizifikiria nyanya. Atakayebisha na avuke daraja la Nyali mwendo wa saa kumi na moja jioni, aingie soko la Kongowea. Kreti ya nyanya ambayo asubuhi muuzaji aliikatalia bei kwa maringo, jioni huibembelezea mnunuzi kwa nusu ya bei hiyo, pengine hata chini yake. Wala si kwamba nyanya zimeharibika. Zingali nzima. Lililoharibika ni subira ya mwenyewe, kwa kuwa anajua fika kwamba kabla ya jua kuchomoza malori mengine yatakuwa yameshuka kutoka Taveta na kwingineko, na zake zitakuwa zimeanza kulainika. Mnunuzi naye analijua hilo, ndiyo maana huja jioni.

Rai ninayoishikilia katika makala haya ni kwamba ghala ni chombo cha kununulia muda, na kwamba katika biashara mwenye muda ndiye mwenye sauti ya bei. Huenda msomaji akajiuliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili linatafuta nini katika habari za magunia na makontena. Namwomba anivumilie; nitafika huko.

Tuanze na maneno, maana ndiyo biashara yetu. Ghala limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mazao ya shamba. Yaani jengo limepewa jina la kile kilichomo ndani yake. Bohari tunalisikia zaidi Tanzania, ambako taasisi ya umma inayosambaza dawa hospitalini, iliyoundwa mwaka 1993, inaitwa Bohari ya Dawa. Godauni tumelipata kwa Waingereza, nao wakalipata mashariki ya mbali, kwa Wamalay wasemao gudang. Pembeni mwa haya yote kuna uchaga, ambao majirani zetu Wagiriama huuita lutsaga: dari juu ya meko ambako mahindi hupandishwa ili moshi uwafukuze wadudu. Mbunifu wa uchaga hakuwa na shahada ya ugavi, lakini alifahamu mambo mawili ambayo wengi hawayazingatii hata leo: kwamba unyevu ni adui wa nafaka, na kwamba chakula kinachohifadhiwa karibu na mwenyewe hakiuzwi kwa pupa.

Ghala la kisasa, kwa hakika, limeuvuka mpaka wa kuwa stoo ya kulaza mali. Katika mnyororo wa ugavi wa leo mali hupokewa humo, hukaguliwa, hupangwa kwa madaraja, hufungashwa upya na kugawanywa kwa wauzaji, na kilichotangulia kuingia hutangulia kutoka. Aidha, ghala huziba pengo lililopo baina ya msimu na mahitaji. Mahindi huvunwa kwa majuma machache, ilhali ugali huliwa mwaka mzima.

Mfano ulio bora kabisa uko papa hapa Mombasa. Mnada wa chai ulioanzia Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hadi leo huuza chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyinginezo. Chai hiyo haianikwi barabarani ikisubiri mnunuzi mwenye huruma. Hufika katika maghala, ikachukuliwa sampuli, ikaonjwa na wajuzi, ikaorodheshwa, ndipo ikanadiwa. Isipofikia bei hurejeshwa mnadani siku nyingine. Linganisha hali hiyo na ya muuza nyanya wa Kongowea. Wote wawili wanauza mazao ya shamba ndani ya mji mmoja, lakini mmoja anaweza kusema "njoo juma lijalo" na mwingine hawezi kusema hata "njoo kesho".

Hata hivyo, nisije nikaeleweka kwamba ghala ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2021 serikali ya Kenya iliweka bei ya chini kabisa ambayo chai ya wakulima wadogo ingeuzwa mnadani. Nia ilikuwa njema, lakini chai nyingi isiyopata mnunuzi ikarundikana maghalani, na chai nayo huzeeka ikipoteza ladha na thamani. Ghala humnunulia mtu muda, halimtengenezei soko.

Tuvuke sasa hadi bara ya upande wa pili, Changamwe, ambako maghala na yadi za makontena zimetanda kandokando ya barabara ya Nairobi. Wakazi wa huko walikuja kuutambua uzito wa ghala lilipokosa kazi. Reli ya kisasa ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, na hasa baada ya agizo la Agosti 2019 kwamba shehena za kwenda bara zisafirishwe kwa reli hiyo, makontena mengi yalipita Mombasa bila kusimama na kwenda kukaguliwa Nairobi. Madereva, mahamali, makarani, mafundi wa magurudumu na akina mama wauza chakula wakajikuta hawana la kufanya, na maandamano yakafuata. Septemba 2022, Rais Ruto alipoapishwa, alitangaza kuwa kazi ya kukagua na kutoa mizigo ingerejeshwa Mombasa. Siamui hapa kati ya reli na malori. Ninachosema ni kwamba mahali mzigo unapopumzika ndipo watu wanapokula, na kwamba kulihamisha ghala ni kuihamisha sahani.

La kuhuzunisha zaidi ni pale ghala baya linapoua. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, kama wanavyoiita wenzetu wa Tanzania. Kuvu huyo hustawi penye joto na unyevu. Mahindi yale yalihitaji kukaushwa barabara na kuwekwa mahali pakavu penye hewa. Hilo uchaga wa Mgiriama ungeweza kumfundisha mtu yeyote bila ada.

Sasa narudi kwenye lugha kama nilivyoahidi. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2005 iliyouanzisha mfumo wa stakabadhi ghalani, na mfumo huo ukaanza kutumika katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mazao yake ghalani, hupimiwa uzito na daraja, kisha hupewa stakabadhi inayothibitisha umiliki wake hadi mnada upite. Stakabadhi hiyo yaweza hata kuwa dhamana ya mkopo. Mfumo haukukosa dosari. Mwezi Aprili 2013 mjini Liwale, hasira za wakulima kuhusu malipo ya korosho zilizua ghasia na nyumba zikachomwa. Siwatetei waliochoma. Lakini tazama jambo hili: stakabadhi ghalani ni jina ambalo mkulima wa Liwale analitamka, analielewa, na anaweza kuligombania mkutanoni. Kitu kikishakuwa na jina katika lugha yako, unaweza kukidai, kukikosoa au kukikataa.

Kenya nayo ilipata sheria ya mfumo kama huo mwaka 2019. Imeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha saba, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini kati ya kifungu hicho na meza ya mpima mizani pana umbali mrefu. Ndani ya godauni kazi yote hufanywa kwa Kiswahili: gunia huinuliwa, mzani husomwa, watu hutaniana na hugombana kwa Kiswahili. Ni pale karatasi inapotolewa tu ndipo lugha hubadilika, na karatasi ndiyo yenye mali.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, Kongowea inahitaji mambo mawili. Kwanza, maghala yake yenyewe, tena yanayotofautishwa kwa aina ya mazao. Vitunguu hutaka ukavu na hewa. Viazi hutaka giza, la sivyo hugeuka kijani. Nyanya huharibiwa na baridi kali inayofaa kabichi. Chumba kimoja cha baridi kilichozinduliwa kwa utepe na hotuba hakitatosha. Maghala hayo yawe na ada ambayo mchuuzi wa kreti tatu anaimudu, kwani ya madalali wakubwa yatajengwa hata tusipoomba.

Pili, kila hati itakayotolewa humo iandikwe kwa Kiswahili. Watakaosema kwamba istilahi hazipo hawajatembea. Daraja, uzito halisi, unyevu, dhamana, amana, ada ya hifadhi, tarehe ya kuingia: zote zipo, na nyingi hutumika Mtwara kila msimu. Kazi iliyosalia ni ya kukaa chini na kuzipanga katika karatasi moja isiyozidi ukurasa, kisha kwenda nayo sokoni kuisoma mbele ya wanaohusika na kusikiliza wanapokwama. Chama chetu kina wanafunzi wanaovuka daraja la Nyali kila siku wakiwa na muda wa kutosha wa kubishania ngeli ya neno makala. Napendekeza rasimu ya kwanza iandikwe muhula huu, na isahihishwe na wauza vitunguu.