Jamhuri Ilikuwa ya Nini?

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa moja hapa Ufipa. Mwalimu-mwanafunzi aliandika ubaoni: Uhuru, 9 Desemba 1961; Jamhuri, 9 Desemba 1962. Watoto wakazikariri tarehe hizo kwa sauti moja. Ndipo msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, kama tulikwisha kupata Uhuru, Jamhuri ilikuwa ya nini?" Akajibiwa kwamba hilo halimo katika mtihani. Akaketi.

Kwa maoni yangu, swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Jibu lake si gumu. Baada ya Uhuru, mkuu wa nchi ya Tanganyika alikuwa bado Malkia wa Uingereza. Aliwakilishwa na Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa Gavana, ambaye sasa aliitwa Gavana Mkuu. Jamhuri ilikikomesha cheo hicho cha kurithi. Mwezi Novemba 1962 wananchi walipiga kura kuchagua Rais kati ya Julius Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa ANC. Nyerere akapata zaidi ya asilimia 98. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu nayo yakafutwa kwa sheria. Hapa Ufipa zilikuwako falme mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja na Mwene wake. Mtoto wa Nkasi, basi, anayo historia hiyo katika jina la wilaya yake.

Yafaa tuanzie hapo alipo mtoto. Liambie darasa limpate kiranja kwa njia tatu: kwanza, mdogo wake kiranja arithi cheo; pili, mwalimu wa darasa jingine amteue; tatu, darasa lipige kura. Baada ya kila njia uliza swali moja tu: Nani aweza kumwondoa? Watoto wenyewe watakuambia tofauti ya Mwene, Gavana na Rais. Lakini jihadhari usiwadhihaki wazee wa zamani. Huenda mjukuu wa Mwene ameketi mbele yako.

Wako wasemao kwamba mengine tuwaachie wakubwa. Mimi sikubali. Kura peke yake haikutosha, na mtoto astahili kuambiwa hivyo. Mwaka ule ule wa 1962 ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na vyama vingi vikarejeshwa mwaka 1992. Hata Wamarekani, walioandika Katiba yao mwaka 1787, waliongeza haki za raia mwaka 1791 baada ya ubishi mkubwa. Jamhuri hujengwa, na wajenzi wake ni watu waulizao.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu-mwanafunzi, katika kila andalio la somo la historia tenga dakika kumi za maswali ya watoto. Usipojua jibu, sema hujui, kisha ukalitafute. Mtoto aliyezoeshwa kunyamaza mbele ya mwalimu atanyamaza pia mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na huko hakuna mtihani wa kumsahihisha.