Boga si Kinyago

Siku hizi imezuka desturi ngeni miongoni mwa baadhi ya vijana wa Nairobi na miji iliyo jirani, na sasa inabisha hodi Ruiru na Thika. Ifikapo tarehe 31 Oktoba, hutafutwa boga lenye umbo la ajabu, likakombwa matumbo, likatobolewa macho na meno, likawashwa taa ndani yake. Hiyo ndiyo Halloween. Wako wasemao kwamba huo ni mchezo tu, usio na madhara. Mimi sikubaliani nao.

Kwetu boga ni chakula. Huchemshwa likaliwa, majani yake hupondwa pamoja na viazi na mahindi yakawa mukimo, mbegu zake hukaangwa au hupandwa. Boga lililokomaa, likiwekwa pakavu, hukaa miezi kadhaa. Likitobolewa, huoza kwa siku chache. Mwaka 2022 mvua zilikosekana kaskazini na mashariki mwa Kenya kwa msimu wa tano mfululizo, na watu wengi wakalala njaa. Katika nchi ya namna hiyo, kuharibu chakula kwa ajili ya kicheko cha usiku mmoja si mchezo. Ni ukosefu wa haya.

Nitajibiwa kwamba boga nalo ni geni, kwa kuwa asili yake ni bara la Amerika. Ni kweli, wala sichukii kitu kwa sababu kimetoka ng'ambo. Lakini tazama wenye desturi hiyo walivyofanya. Wakulima wa Ayalandi na Uskoti walichonga tanipu, mzizi mnene uliokuwa mashambani mwao. Wahamiaji wao walipofika Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchongwa kuliko tanipu, wakayatumia hayo. Kila mahali walichonga kilichokuwapo. Anayewaiga leo ameshika ganda, akaacha kiini.

Sisi tunacho cha kuchonga, nacho ni kibuyu, mmea ambao asili yake ni Afrika hii hii. Kule Ukambani, mafundi wamechora vibuyu tangu zamani. Atakaye umbo la ajabu na alitafute hapo: kuna vyenye shingo ndefu, vilivyopinda, na vya mviringo kama mtungi. Chagua kilichokaukia juu ya mmea. Kitikise usikie mbegu zikilia ndani. Kikate mdomo, kikwangue, kisha chora kwa ncha ya kisu au kwa chuma cha moto. Kazi hiyo yataka subira, maana mstari ukikosewa haufutiki. Lakini ikimalizika, hudumu miaka mingi. Hata kibuyu kikipasuka, hushonwa kikaendelea kutumika.

Okot p'Bitek wa Uganda, katika Wimbo wa Lawino uliotoka mwaka 1966, alilifanya boga la nyumbani kuwa mfano wa urithi usiopasa kung'olewa. Vijana wetu husomeshwa jambo hilo darasani, kisha baadhi yao hulitoboa macho boga lenyewe!

Enyi wanafunzi, wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mkono wenye hamu ya kuchonga ni mkono mwema, upeni kibuyu. Boga lipelekeni jikoni, na mbegu zake zitieni udongoni, kwani Oktoba ndio mwezi wa mvua za vuli.