Daftari la mpakani lisikae mahali pamoja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliosema hivyo walijua daftari la karatasi. Leo huko Gikundamvura, wilayani Rusizi, ambako mpunga wa bonde la Bugarama unalimwa jirani na Burundi na Kongo, daftari la biashara linazidi kuhamia kwenye kompyuta. Swali ambalo wafanyabiashara hawajiulizi vya kutosha ni hili: daftari la pili liko wapi?

Chukua mfano wa mwuza mchele mwenye kompyuta moja dukani. Humo mna majina ya wadaiwa wa Kamanyola na Bukavu, bei za magunia na hati za forodha. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, diski ikafa, hasara yake si bei ya kompyuta tu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha uwezo wa kudai hesabu na hati za mzigo ndani ya miaka 5 tangu ulipoingia au kutoka. Asiye na hati hana cha kujitetea. Na mdaiwa aliye ng'ambo ya mto Ruzizi hatalazimika kukumbuka deni ambalo mdai mwenyewe amepoteza ushahidi wake.

Kwa hiyo kuchagua programu ya nakala rudufu ni uamuzi wa mwenye mali, si wa fundi peke yake. Wengi huchagua kwa jina au kwa bei. Kipimo cha kwanza kingekuwa kurejesha. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data za seva isiyo sahihi. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala, lakini zilipohitajika zilikutwa hazifanyi kazi. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kipimo cha pili ni kutunza hali ya mafaili ya siku zilizopita. Huduma inayolinganisha mafaili kati ya kompyuta na intaneti haitoshi: kinachoharibika hapa huharibika na kule. Vilevile diski ya nje inayoachwa imechomekwa usiku na mchana inaweza kufungwa na kirusi pamoja na kompyuta yenyewe. Kirusi cha WannaCry, Mei 2017, kilifunga kompyuta katika nchi zipatazo 150.

Cha tatu ni umbali. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao nakala zao zilikuwa hapohapo walipoteza vyote. Rusizi ina somo lake pia: tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha nyumba Rusizi na Bukavu kwa wakati mmoja. Nakala iliyovushwa daraja tu isingekuwa mbali vya kutosha.

Cha nne ni gharama ya bando na usiri. Duplicati, restic na Borg hazilipiwi. Hufunga data kwa siri, na baada ya nakala ya kwanza hutuma mabadiliko tu. Duplicati ina madirisha ya kubofya na inafaa kompyuta ya nyumbani au dukani. Restic na Borg huendeshwa kwa kuandika amri, hivyo zinafaa seva yenye fundi. Lakini nywila ikipotea, nakala haifunguki tena. Iandikwe na itunzwe mbali na kompyuta.

Hapa ndipo serikali nazo zina deni. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya kulinda data binafsi inataka data hizo zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa kibali. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022. Mwuza mchele mwenye orodha ya wadaiwa wa nchi tatu hawezi kuajiri wakili ili ajue nakala yake aiweke wapi. Jumuiya iliyorahisisha forodha kwa wafanyabiashara wadogo inapaswa kuwapa kanuni moja, fupi na katika lugha wanayoielewa, kuhusu daftari lao.

Wakati kanuni hiyo ikisubiriwa, vyama vya ushirika vinaweza kuanza kwa kuchangia fundi mmoja na kupanga siku moja ya majaribio kila mwezi. Jaribio lenyewe ni rahisi: ichaguliwe ankara moja ya mwaka jana, irejeshwe kwenye kompyuta nyingine, isomwe. Ikifunguka, nakala ipo. Isipofunguka, ni afadhali mwenye duka ajue leo kuliko siku ofisa wa forodha atakapobisha hodi.