Jina Hulindwa na Sheria, Amana Hulindwa na Walimu

Februari 2000 alifariki London mtoto wa miaka 8, Victoria Climbié, kwa mateso ya waliomlea. Idara kadhaa zilikuwa na habari zake, wala hakuna iliyomwokoa. Ripoti ya uchunguzi wa Lord Laming ilitoka 2003, na mwaka huo huo Uingereza ikaanzisha shahada ya ustawi wa jamii badala ya stashahada. Tangu Aprili 2005, asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita ofisa ustawi wa jamii.

Daftari la usajili limekwishabadili mikono. Baraza la kwanza, lililoundwa 2001, lilivunjwa 2012, kazi yake ikapewa baraza la taaluma za afya. Tangu Desemba 2019 inashikwa na Social Work England. Baraza la kwanza lilisajili hata wanafunzi. Baada ya 2012 usajili huo ulikoma, vyuo vikaachiwa dhamana ya mwenendo wao.

Hapo ndipo tunapotia mkazo. Mwanafunzi aliye mazoezini huingia majumbani mwa watu na kusikia siri zao. Mtoto aliyeonewa hamuulizi cheti. Chuo kinachompitisha asiyefaa, ati kwa kuwa amefaulu mtihani, kimekhini amana.

Sheria humfuta mkosaji daftarini baada ya madhara kutokea. Mwalimu aweza kumzuia kabla. Basi twawanasihi wakufunzi wa fani hii, popote walipo: pimeni tabia kama mpimavyo elimu, wala msione haya kumwambia mwanafunzi kuwa kazi hii si yake.