Mama Anapokwenda Kupasuliwa



Kuna ugonjwa mmoja ambao sisi watu wa vijijini hatupendi kuutaja. Mtu akiugua malaria atasema malaria, na akiumwa tumbo atakueleza habari za tumbo lake mpaka uchoke kusikiliza. Lakini ugonjwa huu ukiingia nyumbani utasikia tu, "Mama hajisikii vizuri." Mimi kwa kazi yangu ya ukarani huwapokea watu wanaoleta nia za Misa, na wengine huniambia niandike "mgonjwa" tu, huku wakitazama chini. Leo nitautaja. Ni kansa, au saratani kama isemwavyo redioni. Nami nautaja kwa sababu mama mmoja wa kigango chetu amenipa ruhusa, tena alinicheka alipoona naogopa kumwomba. "Andika, Mwalimu," aliniambia, "ila usiandike jina langu, maana wakwe zangu walio mbali wataleta mbuzi wa matanga kabla ya wakati wake."

Mama huyu ana watoto watano. Mumewe analima pamba, na wakati wa kiangazi anatengeneza baiskeli chini ya mwembe. Jioni moja, akioga baada ya kutoka shambani, mama aligusa kitu katika ziwa lake la kushoto, kigumu kama punje ya kunde. Hakikuuma. Kwa kuwa hakikuuma, akakiacha. Miezi minne ikapita, punje ikawa kama yai la kware, ndipo alipomwambia mumewe.

Hapa nasimama kidogo, akina mama mnisikilize. Wengi wetu hudhani kwamba kisichouma si ugonjwa. Kansa ya ziwa, mara nyingi, mwanzoni haiumi hata kidogo. Si kila uvimbe ni kansa; ulio mwingi sio. Lakini hakuna ajuaye kwa kutazama kwa macho, wala kwa kuota ndoto. Lazima upimwe.

Basi, shauri likaanza. Kaka mkubwa wa mume, ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, akaja akaketi na kusema kwamba ugonjwa wa namna hii haupendi chuma. Ukiguswa na kisu, ati, husambaa mwili mzima, na mtu hufa upesi. Alijua mganga mmoja ng'ambo ya kilima, bei yake mbuzi mmoja. Mume akanyamaza. Atamjibuje kaka aliyemlipia hata mahari?

Neno hili la kisu nimelisikia mara nyingi, nami naona lilikotoka. Watu wetu wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kukomaa na kutembea mwilini. Daktari hujaribu kupasua, mgonjwa hufariki baada ya miezi michache, nasi tuliobaki tunakilaumu kisu. Hatuilaumu ile miaka miwili ya kuficha na kunywa mizizi. Kisu kilifika mwisho, kikakutwa na kesi isiyo yake.

Mama yule hakugombana na mzee. Alipiga goti akamwambia kwa heshima, "Shemeji, nimekusikia. Lakini niambie, mganga huyo amekwisha kuwaponya wangapi wenye ugonjwa kama wangu?" Mzee akafikiri, akasema kwamba hajamjua hata mmoja. "Basi, shemeji, nisamehe. Mimi sitaki kuwa mtu wa kujifunzia kazi." Mzee mwenyewe akacheka, ingawa hakutaka. Kesho yake mume akamchukua mkewe kwa baiskeli mpaka hospitali ya misheni.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa mdogo. Walikata kipande cha ule uvimbe ili kipelekwe kupimwa. Kisha wakangoja majibu kwa majuma kadhaa, na hayo, asema mama, yalikuwa mazito kuliko kisu. Mume alikuwa akiziba tundu la mpira wa baiskeli, kumbe amebandika kiraka mahali pazima na tundu ameliacha. Wateja wakarudi wakisukuma. Majibu yalipokuja yakasema kansa. Daktari akawaeleza taratibu: ziwa lote lazima liondolewe, pamoja na tezi za kwapani ambako ugonjwa hupenda kukimbilia, na baadaye apewe dawa kwa dripu.

Sasa ikaja habari ya ng'ombe. Walikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, naye alikwisha wekewa kazi yake: binti yao mkubwa alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na ng'ombe ndiye ada. Mama akakataa kabisa. "Siuzi masomo ya mtoto ili ninunue kovu," alisema. Siku tatu nyumba ile haikuwa na mazungumzo. Siku ya nne binti akamwambia mama yake mbele ya wote, "Mama, ng'ombe tunaweza kumpata mwingine. Wewe tutakupata soko gani?" Ng'ombe akauzwa. Jumuiya ikachanga nauli na sabuni, na mtu mmoja, ambaye sisi sote humwita bahili, akaleta debe zima la mahindi usiku ili asionekane. Binti yule bado yuko nyumbani mpaka leo, hajaenda chuo. Nasema hivyo ili mtu asidhani kwamba mambo haya hayana gharama.

Kabla ya kwenda kupasuliwa mara ya pili, mama aliomba Mpako wa Wagonjwa. Hapo kilio kikaanza. Mama mkwe alipomwona padre na mafuta alijitupa chini, na majirani wawili wakaanza kutandika mikeka nje. Ndugu zangu, jambo hili Kanisa lililitengeneza zamani. Mwaka 1972 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alitoa utaratibu mpya wa sakramenti hii, nao unaonyesha wazi kwamba si ya wanaokata roho peke yao. Ni ya mtu aliyepatwa na ugonjwa mzito, na mtu anayekwenda kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa wa namna hiyo anaweza kuipokea. Lakini sisi bado tunaiita ya mwisho, na tunamwita padre wakati mgonjwa hawezi tena hata kuitika "Amina". Mama yule alipomaliza kupakwa aliinuka, akatoka nje akawaambia wale wa mikeka, "Kunjeni. Hata gari la parokia hutiwa oili kwanza ndipo lianze safari."

Upasuaji wa pili ukafanyika. Alipoamka alikuta mpira mdogo umetoka ubavuni, maji ya kidonda yakishuka katika chupa, na kila aendako lazima aende nayo. Alimwuliza muuguzi kama amepandishwa cheo kuwa mgema wa tembo. Aliporudi nyumbani watoto waliogopa kumkaribia. Kitinda mimba, wa miaka sita, ndiye aliyethubutu kuuliza, "Mama, ziwa lako wamelipeleka wapi?" Mama akamjibu, "Limestaafu, baba. Limenyonyesha watoto watano bila likizo hata siku moja." Mtoto akatoka mbio kuwatangazia wenzake kwamba ziwa la mama yake linapokea pensheni.

Jumapili ya kwanza ya kurudi kwaya, alijishonea kifuko cha kitambaa akakijaza mtama, apate kulingana pande zote mbili. Mtama ulikuwa na uzito mzuri kuliko pamba, maana pamba ilipanda mpaka begani wakati wa Utukufu. Lakini mshono ulifunguka kidogo, na alipotoka kanisani kuku wa katekista wakamfuata mpaka njia panda. Habari hii amenisimulia mwenyewe akishika mbavu. Mimi ningekuwa yeye ningejificha mwezi mzima.

Dawa ya dripu ilipoanza nywele zikatoka zote. Shemeji yake, yule mzee wa kisu, ana upara tangu ujana wake. Akaja kumsalimu, naye akafunua kitambaa akasema, "Shemeji, karibu. Sasa sisi ni ndugu wa kichwa kimoja." Tangu siku ile mzee huyo ndiye anayempeleka hospitali mume anapokuwa shambani, na nimemsikia kwa masikio yangu akimgombeza mtu kilabuni aliyesema kansa haipendi chuma.

Wala msidhani kwamba nyumba ile ni kicheko usiku na mchana. Mama alinieleza kwamba baada ya dripu ya pili alitapika mpaka alfajiri, na usiku ule alimwambia Mungu maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha sala. Nikamwuliza, Mungu akajibu nini? Akasema, "Hakujibu. Lakini hakuondoka." Rozari yake huanza vizuri, na kwenye fungu la pili usingizi humchukua. Mumewe humalizia kwa sauti ndogo, mtu ambaye kabla ya ugonjwa huu tulimwona kanisani Noeli na Pasaka. Mumewe huyu sasa huchota maji kwa baiskeli, kwa kuwa daktari alikataza mkono wa upande uliopasuliwa usibebe mizigo mizito, usije ukavimba. Vijana kisimani walimcheka juma la kwanza. Juma la pili walimwomba awazibie mipira ya baiskeli, naye akaongeza bei.

Habari hii ilinikumbusha nyumba nyingine, ya mbali sana na kwetu. Wote mnamjua Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Mama yake aliitwa Zélie Martin, mkazi wa mji wa Alençon katika Ufaransa. Alikuwa na kazi yake ya kutengeneza vitambaa vya lesi, na mumewe Louis alikuwa fundi saa. Walizaa watoto tisa, wanne wakafa wadogo. Karibu mwaka 1865 Zélie alimwandikia ndugu yake, aliyekuwa muuza dawa, juu ya uvimbe katika ziwa. Jambo likapita bila kutibiwa. Alikuwa na kazi, alikuwa na watoto, na haukumsumbua sana. Mnaona? Ni punje ile ile ya kunde. Alipokwenda kwa madaktari mwezi Desemba 1876, aliambiwa kwamba wakati wa kupasua umekwisha pita. Daktari mmoja akamwandikia dawa, Zélie akamwuliza itafaa nini, naye daktari akakiri kwamba haifai kitu, huiandika kuwafurahisha wagonjwa. Zélie aliyaandika hayo yote katika barua zake bila kujipamba. Mwezi Juni 1877 akasafiri mpaka Lourdes na binti zake watatu wakubwa. Safari yenyewe ilikuwa ya mikosi, mpaka shingo ikamteguka. Aliingizwa katika maji ya chemchemi mara nne, wala hakupona. Akarudi nyumbani akiwachekesha watu kwa mikosi ya safari, kwa sababu mumewe alikuwa akimngoja na hakutaka amwone ana huzuni. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, mwenye miaka 45, naye Teresia alikuwa hajatimiza miaka mitano. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Zélie na Louis kuwa watakatifu siku moja.

Nilimsomea mama yetu habari hii. Alisikiliza yote kimya, kisha akasema, "Maskini, yeye alikosa kisu. Mimi ninacho." Na kweli, tofauti ya akina mama hawa wawili si imani. Siku zile hazikuwa na dripu wala mionzi. Siku hizi sisi wa Kanda ya Ziwa tunayo Bugando pale Mwanza, hospitali ya maaskofu wetu, nayo inatibu saratani. Na Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Njia ni ndefu na nauli ni kubwa, najua. Lakini ukianzia zahanati yako mapema watakuonyesha njia.

Neno moja kwa wanaokwenda kuwaona wagonjwa. Kansa haiambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kushikana mikono, kwa hiyo msikae mlangoni. Na usiingie na uso wa mazishi ukaanza kuhesabu waliokufa kwa ugonjwa huo huo. Mama yule asema wageni kumi wa namna hiyo humchosha kuliko dripu moja. Mgeni aliyempenda zaidi ni kikongwe mmoja asiyesema mengi, ambaye huingia, huosha vyombo, husali Salamu Maria moja na kwenda zake.

Mwezi uliopita wameona kijiuvimbe kingine kando ya kovu. Lazima akipasuliwe, hiyo ni mara ya tatu, naye ataondoka Jumatatu kwa basi la alfajiri pamoja na shemeji yake. Hajui wataona nini ndani, nasi hatujui. Nilipopita kwake juzi nilimkuta amebandika karatasi nyuma ya mlango wa jikoni, maagizo kwa mumewe ya siku ambazo hatakuwapo. Chumvi huwekwa mara moja. Kitinda mimba asidanganywe kwamba mama amekwenda sokoni. Rozari ni saa mbili usiku, si baada ya taarifa ya habari. Kuku anayetaga chini ya kitanda aachwe. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: MTAMA ULIO KATIKA KIFUKO CHEUPE USIPIKWE.