Mtoto mwenye miguu iliyopinda: nani anabaki naye nyumbani?

Hapa kwetu Kivu, mtoto akizaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani, ile waganga wanaita pied bot, jamaa inauliza maswali mawili. La kwanza: nani amemroga? La pili: matunzo ni franga ngapi? Kuna swali la tatu ambalo halisikiki sana, na kwa maoni yangu ndilo linaharibu matunzo ya watoto wengi: nani atabaki na huyu mtoto kila siku, mpaka miguu inyooke na ibaki imenyooka?

Swali la kwanza nalipita haraka. Hakuna aliyemroga. Duniani kote, karibu mtoto mmoja kwa kila 1000 anazaliwa hivyo, wavulana karibu mara mbili kuliko wasichana, na kwa karibu nusu yao miguu yote miwili ndiyo imepinda. Haitoki katika chakula mama alichokula, wala katika ugomvi wa bwana yake na ukoo. Mama anayefukuzwa nyumbani juu ya miguu ya mtoto anaonewa, basi.

Swali la pili lina jibu zuri kuliko watu wanavyofikiri. Mganga Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi miaka mingi huko Iowa, nchini Marekani, na kufariki mwaka wa 2009, alionyesha kwamba miguu hii haihitaji upasuaji mkubwa. Mganga ao muuguzi aliyefunzwa ananyoosha mguu polepole kwa mikono, anaufunga na plasta kutoka vidole mpaka juu ya paja, na baada ya juma moja plasta inatolewa na nyingine inawekwa. Kwa kawaida plasta tano mpaka saba zinatosha. Watoto wengi wanahitaji pia mshipa wa nyuma ya kisigino ukatwe kwa tundu dogo, kwa dawa ya ganzi, kisha plasta ya mwisho inakaa majuma matatu. Katika miji yetu, vituo kama Heri Kwetu huko Bukavu na Shirika la Umoja huko Goma vinajulikana tangu miaka mingi kwa kuhudumia watu wenye ulemavu wa viungo. Mzazi asikubali kuambiwa kwamba mtoto wake atatambaa maisha yake yote.

Lakini watu wengi wanafikiri plasta ya mwisho ikitoka, kazi imekwisha. Hapana. Ndipo inaanza ile sehemu ndefu. Mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma katikati, saa 23 kwa siku, muda wa miezi mitatu. Saa moja tu inayobaki ni ya kumwogesha na kumwacha apumue. Kisha anavaa usiku na wakati wa usingizi wa mchana, mpaka afikishe miaka minne ao mitano. Hata kama mguu mmoja tu ndio ulikuwa umepinda, anavaa viatu vyote viwili, maana chuma ndicho kinashikilia mguu mgonjwa. Familia ikiacha viatu hivi mapema, mguu unaweza kurudi ulivyokuwa. Hii ndiyo sababu kubwa inayorudisha watoto kwenye plasta.

Sasa tufanye hesabu ya mama wa hapa kwetu. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka wa 2002 inampa mama mwenye mkataba majuma 14 ya likizo ya uzazi, na kati ya hayo yasiyozidi manane ni ya baada ya kujifungua. Tuseme mtoto ameanza plasta akiwa na majuma mawili, jambo ambalo ni zuri sana. Plasta sita zinamfikisha juma la nane, na likizo ya mama imekwisha. Bado plasta ya majuma matatu baada ya kukatwa mshipa. Bado miezi mitatu ya viatu saa 23. Maana yake, wakati ule matunzo yanahitaji uangalifu kuliko wakati mwingine wowote, mama amekwisha kurudi kazini na mtoto yuko katika mikono ya mtu mwingine. Papa, yeye, sheria inampa siku mbili tu za mapumziko mke wake akijifungua.

Na hiyo ni hesabu ya mama mwenye patroni na karatasi. Mama anayeuza samaki ao ndizi katika soko la Kadutu hana likizo hata ya siku moja. Asipouza, jioni hakuna chakula. Anarudi sokoni mapema, mtoto mgongoni, na plasta ndani ya kitenge. Mvua ya Bukavu tunaijua. Plasta ikinyeshewa inalainika, haishikilii tena mguu, na juma zima limepotea.

Kwa hiyo mtoto anaachwa nyumbani. Kwa nani? Mara nyingi kwa dada yake mkubwa mwenye miaka tisa, kumi, kumi na mmoja. Hili ndilo linaniudhi kuliko yote, na sioni watu wakilizungumzia. Tunaokoa miguu ya mtoto mmoja na tunaharibu mwaka wa shule wa mwingine. Siku za kwanza anakosa darasa siku ya tatu peke yake, kwa sababu ndiyo siku ya kubadilisha plasta. Kisha anakosa siku mbili, kisha mwalimu anaacha kuita jina lake. Tena mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba mzigo huu: hajui kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha plasta inayobana.

Ao mtoto anaachiwa koko. Koko anampenda mjukuu, na hapo ndipo hatari iko. Siku za kwanza za viatu mtoto analia sana. Hajazoea; anataka kupiga mguu mmoja mmoja na chuma kinamkatalia. Koko anasikia huruma, anafungua viatu, mtoto ananyamaza. Mama akirudi saa kumi na mbili za jioni anakuta viatu chini ya kitanda. Kesho tena hivyo. Sitaki kumlaumu koko. Hakuna aliyemweleza kitu! Maelezo yote alipewa mama, siku moja, katika chumba kilichojaa watu, mtoto akilia.

Ndiyo maana naomba vituo vya matunzo vibadilishe desturi moja: mafunzo yasitolewe kwa mama peke yake. Mtu atakayebaki na mtoto aitwe, hata mara mbili tu. Aonyeshwe kwa mikono yake, si kwa maneno. Mambo anayopaswa kujua si mengi. Vidole vya mguu lazima vionekane nje ya plasta. Vikianza kuingia ndani, plasta imeteleza na haifanyi kazi. Akibonyeza kidole kinakuwa cheupe, akiachia rangi inapaswa kurudi upesi. Vidole vikivimba, vikiwa baridi ao vyeusi, hakuna kungoja siku ya miadi, ni kurudi kituoni siku hiyo hiyo. Plasta isiguse maji: mtoto anapanguswa kwa kitambaa, na nepi inafungwa vizuri ili mkojo usifike juu ya paja. Na plasta isilowekwe nyumbani jana yake ili kuokoa muda. Mguu uliokaa usiku mzima bila kitu unaanza kurudi.

Kwa viatu, vivyo hivyo. Kisigino lazima kikae chini kabisa, soksi isiwe na mikunjo. Ngozi kuwa nyekundu kidogo mwanzoni si ajabu, lakini malengelenge ao kidonda ni jambo la kumwonyesha mganga. Mlezi amshike mtoto kwa chuma kile na kumchezesha miguu yote miwili pamoja, akunje, anyooshe, mpaka mtoto aelewe kwamba inatembea pamoja. Watoto wengi wanazoea katika siku chache, kama viatu havitolewi ovyo ovyo. Kubeba mgongoni kunakuwa kugumu juu ya kile chuma. Mlezi aombe kuonyeshwa namna ya kumbeba mbele ya kumwachiwa mtoto kwa siku nzima.

Kuhusu maziwa: sheria ile ile ya kazi inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Maofisi mengi yanajifanya hayajui. Nusu saa haitoshi kupanda kutoka Nyawera mpaka Panzi na kurudi, kwa hiyo mlezi anapaswa kuwa karibu na mahali mama anafanya kazi, si karibu na nyumba. Hili watu hawalifikirii wakati wa kupanga. Koko wa Bagira anaweza kuwa mlezi mzuri sana, lakini jirani mwenye kibanda kando ya soko anaweza kufaa zaidi kwa miezi ile mitatu, hata kama unamlipa kitu kidogo.

Nani atamlipa? Hapa nawageukia wapapa. Papa anayesema matunzo ni mambo ya kinamama anasahau kwamba siku ya plasta ni asubuhi moja tu kwa juma. Akimpeleka mtoto yeye mwenyewe mara tatu kati ya sita, mama anabaki na siku tatu za biashara, na siku hizo zinaweza kumlipa mlezi. Najua wanaume wanaoona haya kukaa katika mstari wa kinamama na mtoto mikononi. Wakae hivyo hivyo. Vikundi vya likelemba navyo vinaweza kumpa mama huyu zamu yake mapema. Kikundi kinachofanya hivyo kwa ajili ya matanga kinashindwaje kwa ajili ya mtoto aliye hai?

Serikali, tangu sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano mwaka wa 2022 juu ya ulinzi wa watu wanaoishi na ulemavu, imeandika maneno mazuri. Mtoto huyu hana haja ya kuwa mlemavu kwanza ndipo akumbukwe. Tunaomba kwanza kitu kidogo: wauguzi katika vyumba vya kuzalia wachunguze miguu ya kila mtoto mbele ya mama kurudi nyumbani, na wamwambie siku hiyo hiyo aende wapi. Mama anayejua mapema ana majuma machache ya kutafuta mlezi. Anayejua mtoto akiwa na miezi sita anatafuta mlezi huku amekwisha kurudi sokoni.

Na vituo vinavyofungua fishi ya mtoto, pale chini ya jina la mama na la papa, viongeze mstari mmoja: nani anabaki na mtoto mama akienda kazini, na nambari yake ya simu. Kisha vimpigie simu huyo, katika juma la kwanza la viatu.