Subira Si Kunyamaza: Gari Langu la Mahari na Mlango wa Rangi Mbili



Leo sikuja na mapishi wala nguo za sanduku. Nimekuja na ugomvi. Nauleta hapa makusudi, kwa sababu wengi mnaosoma hapa ni mabibi harusi, na neno nililoambiwa mimi na nyinyi mtaambiwa: "Subiri, mwanangu."

Mnajua niliolewa nikahamia bara. Naishi Makambako, mkoa wa Njombe, pale barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapoachana na ile ya kwenda Njombe na Songea. Ni mji wa malori, treni ya TAZARA, mbao na viazi. Mtoto wa Unguja akifika huku mwezi wa Juni analala na sweta na soksi, na asubuhi udhu unamtoa machozi kwa baridi.

Mahari yangu niliomba fedha taslimu. Nikaichanganya na upatu niliocheza miaka 4, nikanunua gari. Watu wengi Tanzania tunanunua magari yaliyokwisha kutumika Japani, na hakuna ubaya. Lakini mimi nilitaka mara moja maishani nikae kwenye kiti ambacho hajakikalia mtu. Nikaenda kwa wauzaji wa magari mapya Dar es Salaam, nikalipa yote, risiti kwa jina langu, kadi kwa jina langu. Wakasema gari nitaletewa na dereva wao mpaka mlangoni.

Lililetwa usiku, saa 3. Mvua inanyesha, malori yanapiga honi, dereva ana haraka ya kuwahi basi la kurudi. Akanipa karatasi ya makabidhiano, akanimulikia kwa tochi ya simu, nikatia saini: nimepokea gari likiwa katika hali nzuri. Wallahi sikuwa nimeona hata rangi yake sawasawa.

Asubuhi baada ya jua kutoka nikatoka nje na kikombe changu cha chai. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa mweupe wa aina nyingine. Nikasogea. Kwenye mpira wa mlango kulikuwa na vumbi la rangi, lile linalobaki fundi akipuliza rangi bila kuziba vizuri. Nikawasha gari, dashibodi ikasoma kilomita 1,412. Kutoka Dar es Salaam mpaka Makambako hazifiki 700. Zile nyingine lilikwenda wapi, na nani alikuwa ndani, na mlango uligonga nini?

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, nanyi nawaomba mlisome kosa hili kuliko mnavyosoma kosa la muuzaji. Nilinyamaza.

Sikunyamaza kwa kupenda. Mama mkwe, Mungu amhifadhi, aliniambia, "Mwanangu, chombo kipya hakisemwi vibaya, utakifukuzia baraka." Wifi akasema mlango ni mlango, unafungua na kufunga. Shangazi yangu wa Ng'ambo akanipigia kutoka Unguja: bibi harusi wa miezi 5 kuanza kuzozana na wanaume wa dukani, watu watasemaje? Na mimi mwenyewe moyoni nikajiambia ndiyo subira hii tuliyofundishwa. Nikaendesha wiki 3.

Wiki ya tatu nilikuwa napandisha kwenda Njombe mjini. Gari likaanza kushtuka kila gia inapobadilika, kama mtu anayesukumwa mgongoni, na taa ya injini ikawaka. Siku ile ile nikasimamisha gari, nikapiga picha, nikawaandikia wauzaji ujumbe na barua pepe. Na kwa kuwa nilikuwa naandika, nikaandika na ya mlango na ya kilomita.

Wakajibu kwa simu. Neno la kwanza: "Mama, mzee yupo? Tungependa kuongea na mwenye gari." Nikamwambia mwenye gari ndiye mimi, asome kadi. Neno la pili: "Hizo ni barabara zenu za huko Njombe." Barabara ya Makambako na Njombe ni ya lami, ndugu yangu, na gari mliniuzia mkijua naishi wapi. Neno la tatu ndilo lililonikata maini: "Kuhusu mlango, mama, umetia saini kwamba gari ni zima, na umelitumia wiki 3. Ungekuwa hukuridhika si ungesema?"

Si ningesema! Subira yangu yote, ule usiku wa kumeza mate na kumtii mama mkwe, ilikwenda kuwa ushahidi wa mtu aliyenidhulumu.

Sasa tuongee dini, maana ndipo walipotushikia. Sisi wa visiwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafii. Katika mlango wa biashara, fiqhi yetu inampa mnunuzi khiyari ya kasoro: ukikuta aibu ya zamani ambayo muuzaji hakukuonesha, unayo haki ya kurudisha mali na kuchukua fedha yako. Lakini haki hiyo ni ya papo hapo. Mtu aliyenunua mnyama, akajua ana kasoro, kisha akampanda na kwenda zake kwenye shughuli zake, khiyari yake imeanguka, kwa sababu kule kumtumia ni kuridhika. Mimi sikupanda punda, nilipanda gari, na nililipanda wiki 3.

Sheria ya nchi inakwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Lakini mnunuzi akikaa na bidhaa kupita muda wa kiasi bila kumwambia muuzaji kwamba anaikataa, anahesabiwa ameikubali. Msikitini na mahakamani jawabu limekutana: anayenyamaza ameridhika.

Basi ni nani aliyetufundisha kwamba kunyamaza ni ibada? Wanatuambia kila kitu ni kadari. Sawa. Hebu tukumbuke ile hadithi iliyo katika Sahih Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikatoka na majimaji. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba ni mvua ndiyo iliyolinyeshea. Mvua si kadari? Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kulificha lile lililolowa chini badala ya kuliweka juu watu walione, na akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Gari kugongwa njiani ni kadari. Kulipuliza rangi usiku na kunipa karatasi nitie saini gizani ni ghushi.

Wanatuambia mwanamke mwenye haya habishani. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na mali yake ilikuwa ikisafiri na misafara mpaka Sham. Na Bibi Khawla bint Thaalaba alipodhulumiwa na mumewe kwa dhihari, hakukaa ndani akalia. Alikwenda kwa Mtume mwenyewe, akajadiliana naye, akalalamika kwa Mola wake. Allah akamsikia, na sura ya 58 inaitwa Al-Mujaadila kwa ajili ya mwanamke yule mwenye kujadili. Shangazi yangu anayeogopa watu watasemaje, sura hiyo anaisoma kila Ramadhani.

Subira ni kutotukana simu inapokatwa mara ya tano. Subira ni kuandika barua ya tatu kwa adabu ile ile ya barua ya kwanza. Mwenye kusubiri hakai kimya, anakaa kwenye haki yake bila kuvuka mpaka.

Na mpaka upo. Gari lako ukiligongesha ukutani mwenyewe, usiseme lilikuja hivyo. Ghushi haiwi halali kwa sababu inafanywa na mnunuzi. Nami jina la kampuni silitaji hapa. Niliyowaambia wao wenyewe kwa maandishi yanatosha.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Fundi mmoja mzee wa Makambako, mtu wa "kamwene" na kofia ya sufi, alilikagua gari akaniandikia kwa mkono wake alichokiona, akatia tarehe na saini. Nikaituma ile karatasi na picha. Nikawaandikia kwamba wasipojibu ndani ya siku 14 nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo iliundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Siku ya 9 wakajibu. Gari likabebwa hadi Mbeya, gia boksi ikabadilishwa kwa waranti, sikulipa hata shilingi.

Mlango hawakugusa. Mpaka leo una rangi mbili.

Angalieni hapo. La gia nililolisema siku ile ile nililipata. La mlango nililolisubiria wiki 3 nilinyimwa. Gari ni lile lile, muuzaji ni yule yule. Kilichotofautiana ni ulimi wangu.

Basi dada zangu, hasa wewe unayeolewa baada ya mfungo. Somo wako atakufundisha kufukiza udi, kutandika kitanda na kumpokea mume. Mimi nakuongezea haya, iwe gari, friji, au seti ya kitanda:

Usipokee usiku. Mwambie dereva alale, mtaonana jua likitoka. Akikataa, rudi naye ulipo na usitie saini.

Kabla ya saini, zunguka. Tazama rangi ya kila mlango, mipira, vioo, matairi, taa za dashibodi. Soma kilomita na uzipige picha. Kila unachokiona kiandike juu ya karatasi ya makabidhiano yenyewe, yeye atie saini chini yake.

Ukiona kasoro baadaye, sema siku hiyo hiyo na kwa maandishi. Kisha acha kukitumia mpaka mjue mmekubaliana nini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inatuamrisha kuandika tunapokopeshana. Usione haya kuandika.

Risiti ya mashine ya EFD iwe na jina lako, na kadi pia. Mahari ni yako kwa amri ya Allah katika Suratun Nisaa. Wakisema waitiwe mzee, waambie mzee yupo na anakusalimuni, ila gari si lake.

Wakikupuuza, bara ipo Tume ya Ushindani, na Zanzibar nako ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Ofisi hizo ni zetu na sisi wanawake.

Mume wangu, Allah amjaze kheri, hakunipokonya simu hata siku moja. Alikuwa anakaa pembeni, ananisomea barua kabla sijazituma, na kusahihisha hesabu. Ukipata mume wa namna hiyo, shukuru.

Wiki iliyopita mama mkwe alinunua jiko la gesi Njombe mjini. Kijana wa dukani akataka kulifunga kwenye boksi. Mama akamwambia, "Lifungue kwanza, mwanangu, liwashe nione." Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo.

Wassalaam alaykum warahmatullah.